Sikio la Winfrida

Siku ya kupokea mahari, anayeoa hatakiwi kuonekana. Anakuja mshenga, pesa ikiwa imefungwa kwenye leso, na kijana mwenyewe anakaa mbali huko akihangaika na roho yake. Ndivyo mambo yanavyokwenda, na ndivyo Winfrida alivyotarajia yaende Jumamosi ile. Kwa hiyo alipochungulia dirishani kwa mama yake, pale Kichangani, akamwona Shukuru anavuka barabara peke yake, gitaa mgongoni, moyo ulimpasuka paa.

"Mama, njoo uone. Yule si Shukuru?"

Mama Yustina aliacha upawa ndani ya sufuria ya wali, akaja huku akifuta mikono kwenye khanga. Alitazama, akatazama tena. "Mzee Mwinjuma yuko wapi?"

"Simwoni."

"Mshenga hayupo, bwana harusi anakuja na gitaa?" Mama alishika kiuno. "Tunaoza hapa, au tuna dansi?"

Winfrida hakucheka. Sebuleni mjomba wake, Mzee Eustace, alikuwa ameketi tangu asubuhi ndani ya koti lake jeusi, baada ya kuteremka kutoka Mkuyuni na lori la soko. Baba yake Winfrida alikuwa hai na mzima kule Kilosa, na baraka zake alishazitoa kwa simu. Lakini kwa Waluguru binti ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno ni mjomba. Mjomba akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, hata padri anafunga kitabu chake.

Na pale sebuleni Mjomba hakuwa peke yake. Mkekani alikuwa ameketi Bibi Mwamvita, ambaye hakualikwa na mtu. Mtani haalikwi. Ukoo wake na ukoo wa kina Mjomba wanataniana tangu enzi za mababu, na mtani ana haki zake: anaweza kukusema mbele ya watu, anaweza kuchukua kitu chako akaondoka nacho, na ukikasirika, aibu ni yako. Tangu afike alikuwa anajilia ndizi mbivu za mkungu ambao Mjomba hata hajaukabidhi kwa dada yake.

"Hodi," ilisikika sauti ya Shukuru mlangoni.

Winfrida aliijua sauti hiyo hata ikikohoa. Leo ilikuwa na mtetemo ambao hakuupenda.

"Shikamoo Mjomba. Shikamoo Mama. Shikamoo Bibi."

"Marahaba," alijibu Mjomba bila kumpa mkono. "Umepotea njia, kijana? Leo si siku yako."

"Mzee Mwinjuma amekataa kuja, Mjomba. Amesema hawezi kubeba maneno ninayotaka kuyasema. Nimeona niyabebe mwenyewe."

Alitia mkono mfukoni, akatoa leso nyeupe iliyofungwa fundo, akaiweka mezani. Winfrida aliiona, akashusha pumzi. Pesa ipo! Sasa maneno gani tena?

"Mahari hii hapa, imetimia," alisema Shukuru. "Lakini kabla hujaigusa, naomba nimuulize Winfrida jambo moja."

"Huyu kaja kuoa au kaja kupunguziwa bei?" aliuliza Bibi Mwamvita, mdomo umejaa ndizi.

Shukuru alikuwa mrefu, mwembamba wa mabega, na akiwa na wasiwasi alikuwa na tabia ya kushika mkanda wa gitaa kama vile mtu anataka kumnyang'anya. "Kuna masomo ya gitaa, Mjomba. Yako kwenye intaneti."

"Kwenye nini?"

"Kwenye kompyuta. Mwalimu yuko ng'ambo. Unamtazama anavyopiga, unafanya mazoezi, unajirekodi unamtumia, naye anasikiliza na kukusahihisha. Mwaka mzima. Nimesoma wiki za bure pale kwa Ahmadi, kwenye duka lake la intaneti karibu na stendi ya zamani, na zimekwisha leo. Anayetaka kuendelea analipa leo kabla ya jioni. Nina binamu Uingereza, nikimtumia pesa analipa kwa kadi yake."

"Shilingi ngapi?" aliuliza Mjomba.

Shukuru aliitazama leso. "Ni kama hiyo hiyo."

Hata Bibi Mwamvita aliacha kutafuna.

"Yaani," Mjomba alisema taratibu, "umekuja nyumbani kwa dada yangu, umeniwekea mahari ya mpwa wangu mezani, halafu unamuuliza yeye kama aolewe yeye au iolewe kompyuta?"

"Hapana, Mjomba. Namuuliza kama masomo yenyewe yanafaa. Kuna bwana ana bendi kwenye hoteli kubwa Dar, alinisikia Desemba. Aliniambia mkono wangu wa kulia umeamka lakini wa kushoto umelala, nirudi ukiamka. Nikirudi nikapata ile kazi, Winfrida hatalala njaa. Lakini mimi siwezi kujisikia mwenyewe. Najipenda mno au najichukia mno. Sikio ninaloliamini ni moja tu duniani."

Akamtazama Winfrida. Na Winfrida, ambaye kwa muda wote alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani akikunja na kukunjua pindo la gauni lake jipya, alihisi hasira inampanda toka unyayoni mpaka kichwani. Aliwapita wote, akamshika Shukuru mkono, akamvuta mpaka uani.

"Unaniaibisha mbele ya mjomba wangu!"

"Najua."

"Unajua, halafu umekuja?"

"Ningelipia masomo kimyakimya, ungesema nimekuficha. Ningeleta mahari kimyakimya, ningekaa na wewe miaka yote najiuliza. Yote mawili yamenishinda, Frida."

"Kwa hiyo mzigo umeona unitwishe mimi."

"Sikutwishi. Nakuomba usikilize tu. Ukisema hayafai, naingia ndani namwambia Mjomba achukue leso yake, na habari za Dar hutazisikia tena kwangu. Naapa."

"Na nikisema yanafaa?"

Shukuru aliinamisha kichwa. Jua la mchana lilikuwa linampiga shingoni, na Winfrida aliliona kovu dogo chini ya sikio lake, ambalo mara ngapi amelitazama kanisani badala ya kumtazama padri.

"Hapo nitakuomba uningoje."

"Nikungoje! Wanakwaya wenzangu walishaacha kuniuliza lini, Shukuru, sasa wananiombea. Kila sala ya jumuiya wananitaja, baada ya wagonjwa."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Shukuru alitabasamu, na Winfrida alichukia jinsi tabasamu lile lilivyomlegeza. Hakutaka kulegea. Alitaka kugombana, na alikuwa na jambo la kugombania ambalo si pesa. Alikuwa amelikalia moyoni wiki zote hizo.

"Tena ulikaza nyuzi," alisema.

"Nini?"

"Usijifanye hujui. Ulikaza nyuzi za gitaa."

Hapo ndipo palipokuwa panamuuma. Ili uelewe, lazima ujue walivyojuana. Winfrida ana sauti nzito. Alipoingia kwaya mara ya kwanza vijana walimcheka, mwalimu wa kwaya akamwambia apande, apande zaidi, naye akipanda sauti inakatika na macho yanamjaa machozi. Shukuru alikuwa ameletwa siku hiyo kupiga gitaa, gitaa aliloachiwa na marehemu baba yake, ambaye alilinunua kwa kiinua mgongo chake kiwanda kilipobinafsishwa. Shukuru alikaa kitako akalegeza nyuzi zote sita, moja moja, akiwa anamsikiliza Winfrida akivuma kwa midomo iliyofungwa, mpaka gitaa likashuka pale alipo yeye. Halafu akasema, "Haya, imba." Akaimba. Toka siku hiyo, mpaka masomo haya yalipoanza, zile nyuzi hazikuwahi kurudi juu, na kwaya nzima ilijifunza kushuka.

"Masomo ndiyo yanataka hivyo," alisema Shukuru kwa sauti ndogo. "Kompyuta inatoa mlio wake, unakaza mpaka ulingane nao. Bila hivyo mwalimu anaona kila kitu unakosea."

"Nilifungua mdomo mazoezini, nikakuta umeniacha chini peke yangu. Kwaya nzima ikanigeukia. Hukuniambia."

"Nilidhani..."

"Hukuniambia, Shukuru."

Shukuru alinyoosha mkono kama anataka kumgusa shavu, kisha akakumbuka yuko uani kwa mkwe, akaurudisha. Waliangaliana. Kama wewe umewahi kumpenda mtu huku unatamani kumpiga kofi, huhitaji kuelezwa Winfrida alikuwa katika hali gani.

"Winfrida!" Mjomba aliita kutoka jikoni. "Njoo mara moja. Peke yako."

Jikoni, Mama Yustina alikuwa amesimama kando ya jiko la mkaa, macho mekundu, na haukuwa moshi. Mjomba alikuwa amevua kofia. Winfrida alizoea kumwona mkali. Bila kofia alionekana mzee.

"Mpwa wangu, mimi na yule kijana hatuna ugomvi," alisema Mjomba. "Amesema ukimwambia hayafai, anaacha. Si ndivyo?"

"Ndivyo, Mjomba."

"Basi mwambie hayafai. Neno moja. Mimi nachukua leso, nampa padri tarehe, baada ya Pasaka unaolewa. Kuna ubaya gani?"

"Lakini sijasikiliza bado."

"Usikilize nini? Unataka kumpima mwanaume kwa nyuzi?" Aliteremsha sauti. "Mwalimu Allen wa Mlali bado anauliza habari zako. Ana nyumba ya bati na ng'ombe wa maziwa. Nimemjibu una mchumba, kwa sababu nilikuona unavyomtazama huyu. Leso ile ikitoka mlangoni leo, sina tena la kumjibu."

"Mwanangu," alisema Mama, "wanaume wenye magitaa wakishapanda basi la Dar, ni wangapi umewaona wamerudi? Taja mmoja."

Winfrida alijaribu kumtaja mmoja. Hakumpata.

"Si dhambi kubwa," aliendelea Mama. "Ni neno dogo tu la kujengea nyumba. Mimi nimemwambia baba yako maneno kama hayo mara ngapi."

Walimwacha aondoke na neno hilo mdomoni kama kipande cha muwa. Alirudi sebuleni akiwa ameshaamua. Ndiyo, alikuwa ameamua, tusimsingizie utakatifu. Angesikiliza kwa adabu, angetikisa kichwa, angesema hayafai. Hata uongo mkubwa haungekuwa: masomo yale yalimpokonya sauti yake mbele ya kwaya. Anayeibiwa ana haki ya kusema mwizi hafai.

"Haya, piga," alimwambia Shukuru, ambaye naye alikuwa amesharudi ndani. "Anza na ule wimbo wa zamani, ulivyokuwa unaupiga. Halafu ulivyofundishwa."

Shukuru alikaa kwenye kigoda, akaweka gitaa pajani. Alipiga wimbo aliomtungia Winfrida mwaka ule waliojuana, wimbo usio na maneno mengi, unaopanda na kushuka kama njia ya kwenda Mkuyuni. Winfrida aliujua wote. Alijua pale anapokawia na pale anapokimbilia. Alijua hata ile sehemu ya katikati ambapo huwa anaruka sauti moja kwa sababu mkono haufiki. Miaka yote alikuwa akiijaza sehemu hiyo kichwani mwake mwenyewe.

"Huo mzuri," alisema Bibi Mwamvita. "Huo uacheni hapohapo."

"Sasa wa pili," alisema Winfrida.

Alijiegemeza ukutani, akakunja mikono, akaanza kutafuta makosa. Siku za kazi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kutafuta makosa alikujua. Alisikiliza kama anasahihisha daftari la mtoto aliyemtukana.

Shukuru alianza upya, wimbo uleule. Mwanzoni Winfrida alisikia tu kwamba bado uko juu mno, pale kwenye nyuzi zilizokazwa, mbali naye. Vizuri, alijisemea, kosa la kwanza. Kisha akaona kidole. Kile kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho miaka yote kilikaa pembeni kama mgeni asiyepewa kazi, kilikuwa kinatembea. Kilikuwa kinafika. Chini ya wimbo kukawa na wimbo mwingine mzito, unaojibu, unaongoja, unaojibu tena, hata Mjomba akageuza shingo kutazama kama kuna mtu wa pili anayepiga. Na lilipofika lile pengo la katikati, Winfrida alifunga macho ili alijaze mwenyewe kama siku zote.

Halikuwepo. Sauti ilikuwa pale, imekaa mahali pake, nzima.

Machozi yalimtoka kabla hajapata nafasi ya kuyakataza. Hayakuwa ya furaha, na hayakuwa ya huzuni tupu. Alikuwa amesikia kitu ambacho alikiota kwa niaba ya mtu mwingine, na sasa mtu huyo amekipata, na kilikuwa kinamchukua mbali naye.

Shukuru alimaliza. Alimtazama tu, na macho yake yalikuwa yanaomba, wala Winfrida hakujua yanaomba jibu lipi. Pengine hata yeye mwenyewe hakujua.

Mama Yustina alikohoa. Mjomba alisogeza leso kidogo upande wake wa meza.

Neno lilikuwa pale pale mdomoni. Hayafai. Lina ukubwa gani? Akilitoa, leo hii mahari yake inapokelewa, na baada ya Pasaka ni mke. Shukuru ataamini, kwa sababu anamwamini. Na hapo ndipo Winfrida alipokwama. Ataamini. Atarudi kupiga kama zamani, na kila akifika kwenye pengo lile atamgeukia mkewe na kuuliza, hapa nilikuwa sahihi? Na mkewe atatakiwa kumdanganya tena. Kila jioni. Mpaka uzee.

"Yanafaa," alisema.

"Winfrida!" Mama alishika kichwa.

"Yanafaa, Mama. Natamani yangekuwa ya ovyo. Nimetafuta kosa, Mungu ananiona, nimelikosa." Alimgeukia Shukuru, na sauti yake nzito ikazidi kuwa nzito. "Yanafaa kwa kila shilingi. Nenda kalipe, kabla hawajafunga. Na usinitazame hivyo, maana nikikutazama mara ya pili nitakana."

Shukuru alifungua mdomo. "Frida, mimi..."

"Nenda!"

Mjomba alisimama. Alivaa kofia yake, akaisukuma ile leso kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza, upande wa Shukuru. "Basi mimi kazi yangu imekwisha. Kijana, chukua pesa yako. Nilikuja kupokea mkwe, nimekuta mwanafunzi. Yustina, niletee fimbo yangu. Jumatatu nitapita Mlali."

Winfrida aliinamisha uso kwenye viganja. Alikuwa amelijua hilo kabla ya kusema, lakini kulijua na kulisikia si kitu kimoja. Shukuru alikuwa amesimama katikati ya chumba, gitaa mkono mmoja, leso mkono mwingine, mtu mzima asiyejua aelekee wapi.

Ndipo Bibi Mwamvita alipoinuka. Aliinuka kwa shida, akijishika magoti, akapangusa maganda ya ndizi kwenye khanga, akatembea mpaka kwa Shukuru. Akalishika gitaa shingoni, akalivuta.

"Bibi?" alisema Shukuru.

"Lete. Nimelichukua."

"Unalipeleka wapi?"

"Silipeleki kokote. Nalichukua, basi. Mimi ni mtani hapa, sihitaji sababu." Alimgeukia Mjomba huku amelikumbatia gitaa kifuani kama mtoto aliyemfumania anaiba sukari. "Wewe Eustace, mchoyo kama baba yako. Umeweka ndizi hapa tangu asubuhi hukumkaribisha mtu, sasa unataka kuondoka umwache binti wa watu mikono mitupu. Mahari inaweza kuwa mbuzi, si ndiyo? Inaweza kuwa jembe. Zamani mlioa kwa majembe, tena mabovu."

"Mwamvita, leo si siku ya utani," alisema Mjomba, taya zimekaza.

"Unakasirika?"

Swali lile lilimkamata Mjomba katikati ya hatua. Kila mtu mle ndani alijua kanuni. Alivuta pumzi, akaitoa. "Sikasiriki."

"Nilidhani unakasirika. Basi sikiliza. Gitaa hili limekamatwa. Ni rehani ya mahari. Litalala humu, chumbani kwa Yustina, mpaka siku leso nyingine ikija, na italetwa na mshenga kama watu wanavyofanya. Kijana akalipie masomo yake. Akitaka kufanya mazoezi, aje afanyie hapa barazani, mbele ya macho yenu, kila jioni. Siku ya kurekodi, gitaa litakwenda kwa huyo Ahmadi likiwa limebebwa na Winfrida, na litarudi naye. Tuone atapanda basi la Dar na nini. Na filimbi?"

Mama Yustina alicheka kwanza, akiwa bado analia. Mjomba alijaribu kukaa na hasira yake, lakini mtani alikuwa anamtazama kwa karibu sana, akingoja ukasirike hata unyusi mmoja.

"Mwaka mmoja," alisema hatimaye, akimnyooshea Shukuru kidole. "Ukipita, gitaa lako nalipandisha mlimani, na kwa nyuzi zake nafungia mbuzi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mjomba."

"Na hilo la Mlali?" aliuliza Mama.

Mjomba alimtazama mpwa wake. "Mwalimu Allen nitamwambia akauze maziwa yake," alisema, akatoka nje kutafuta hewa.

Shukuru alikuwa anatakiwa kukimbia. Jua lilikuwa limeshainamia upande wa mlima Mindu, na kwa Ahmadi hawangojei mtu. Lakini alimwendea Bibi Mwamvita, akapiga goti kwa adabu. "Bibi, nipe kidogo tu. Nalirudisha sasa hivi."

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka kulilaza."

Bibi alimpa, huku akishikilia mkanda asije akakimbia nalo. Shukuru aliinamia gitaa, akaanza kuzungusha vikazio, uzi mmoja baada ya mwingine. Winfrida aliondoa viganja usoni. Hakuna mwingine mle ndani aliyeelewa kinachofanyika. Mama alikuwa ameshakumbuka wali wake unaungua. Lakini Winfrida alisikia uzi wa kwanza ukiteremka, halafu wa pili, unapita pale kompyuta inapopataka, unashuka bado, unakuja. Bila kukusudia alianza kuvuma kwa midomo iliyofungwa, kama siku ile kanisani, na Shukuru, bila kuinua kichwa, aliufuata mvumo wake mpaka uzi wa sita.

Kisha akamkabidhi Bibi gitaa, akasimama, leso mkononi.

"Kesho jioni nitakuja nikaze," alimwambia Winfrida. "Masomo yanataka hivyo. Nakuambia mapema."

"Na ukiondoka?"

"Nikiondoka nalegeza. Kila siku."

"Nyuzi zitakatika, Shukuru."

"Nitanunua nyingine."

Alitoka karibu kukimbia, akagongana na Mjomba barazani, akaomba radhi, akapotea barabarani. Winfrida alilichukua gitaa mikononi mwa Bibi Mwamvita, akalipeleka chumbani kwa mama yake, akalilaza kitandani juu ya shuka safi. Alitaka kufunga mlango. Badala yake alinyoosha kidole, akagusa uzi mmoja tu, na sauti yake mwenyewe ikamjibu.